Manjano ya Kutoka Mombasa

Furushi la mamangu liliteremshwa Chalinze, kwa sababu basi lenyewe halikuwa la kupita Bagamoyo. Mume wangu aliomba ruhusa kazini akaenda kulifuata, akalikuta kwa mwanamke mmoja muuza mahindi ya kuchoma, aliyekuwa amelikalia ili lisiibiwe. Alirudi nalo limejaa vumbi la malori, na kamba aliyoifunga mamangu mwenyewe, fundo juu ya fundo. Nilikuwa na siku ya pili tangu nijifungue. Nikaikata ile kamba kwa kisu cha jikoni hapo hapo kitandani, harufu ikatoka, manjano na liwa na karafuu, nikalia kwa sauti mpaka mume wangu akadhani nimejikata.

Mimi ni mtu wa Mombasa, kuzaliwa na kukulia. Bagamoyo nililetwa na mkataba wa mume wangu, wa miaka miwili, wa kufundisha mitambo ya boti kule Mbegani. Tulipanga Dunda, vyumba viwili na ukumbi, kwa bibi mmoja mjane wa ukoo wa Kiarabu, ambao babu zao walitoka Omani na biashara ya nguo na hawakurudi tena. Nilifika nikijidai kwamba siendi ugenini. Kiswahili chao changu, dini yao yangu, biriani yao yangu, na ya kwangu tamu zaidi. Ala! Wiki ya kwanza tu nikaingia dukani nikasema, "Nipe sukari kilo moja," muuzaji akaniangalia kama nimemtukania mzazi.

"Dada umetoka Kenya, eeh?"

Kumbe huku watu huomba. Naomba sukari, naomba chumvi, hata kama fedha iko mkononi. Nikamwambia mimi siombi, nanunua. Basi jina likanikaa mtaa mzima, yule Mkenya mkali. Bibi mwenye nyumba alicheka alipolisikia, akasema ukali ni mzuri kwa mwanamke aliye mbali na kwao, ila nisiumalize wote dukani.

Nilitaka kurudi Mombasa kujifungulia kwetu. Mtoto wa kwanza, nani hataki mamake? Lakini miguu ilivimba ikawa kama mihogo, daktari akanikataza safari ndefu. Basi mama angekuja yeye. Alishapika hadi visheti vya njiani, ndipo akateleza msalani akavunjika mguu, akafungwa plasta kuanzia nyayo mpaka gotini. Nilipopata habari nilimkasirikia, Mungu anisamehe, kana kwamba ameanguka makusudi.

Nikazaa mtoto wa kiume, mzima, ana nywele nyingi nyeusi mpaka manesi wakawa wanaitana waje kumwona. Kesho yake tukaruhusiwa. Nesi aliniandikia kwenye kadi nimrudishe siku ya tatu wamtazame, akanikumbusha na kwa mdomo, tena mara mbili. Sina wa kumlaumu pale hospitali. Nilipomwambia mamangu kwenye simu, alishtuka.

"Siku ya tatu? Mzazi na kichanga, juani? Mwanangu, mtoto hatoki nje kabla ya arobaini. Hao manesi watakungoja, hawaendi popote."

"Naam, mama."

Mimi, niliyegombana na muuza duka kwa neno moja, nikasema naam mama. Nilikuwa naogopa. Kile kitoto kilikuwa chepesi mno, na kila kilipopiga chafya moyo wangu ulikuwa unaruka. Katika nyumba ile nzima hakuna kitu kilichonijua tangu zamani isipokuwa ile sauti ya simu. Mwacha mila ni mtumwa, alisema mama, na sikutaka mwanangu aanze maisha kwa mama mtumwa.

Kusema haki, sikuwa peke yangu. Bibi mwenye nyumba alinilea. Kila asubuhi alikuja na beseni la maji ya moto akanikanda tumbo na kiuno, akanifunga mkaja, akanipikia uji wa pilipili manga mpaka jasho linanitoka masikioni. Nikimwamkia, "Shikamoo bibi," yeye "Marahaba mwanangu, umeamkaje na mgeni wetu?" Alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa unaniuma. Kila alichonifanyia niliona anamnyang'anya mamangu kazi yake. Nilikuwa namwonea wivu kwa niaba ya mtu aliyelala Mombasa na plasta mguuni. Upumbavu, lakini ndivyo nilivyohisi.

Kwa hiyo furushi lilipofika nililishika kama haki yangu. Ndani mlikuwa na singo, manjano na liwa ya kujisugulia mwilini, aliyoisaga mama kwa mkono wake, na maelezo yalikuja kwa sauti kwenye simu, marefu kama hotuba. Mimi nijisinge mwili mzima asubuhi na jioni. Mtoto nimpake kidogo, imechanganywa na mafuta ya nazi, shingo, mgongo, mikono, miguu, uso, ili ngozi itakate na malaika, yale manyoya laini ya mwilini, yatoke. Kichwani nisimguse kwa ajili ya utosi. Ndivyo alivyofanywa mama, ndivyo nilivyofanywa mimi.

Bibi alinikuta nikimpaka. Akaweka beseni chini.

"Huku kwetu kichanga hatumpaki kitu mpaka arobaini ipite. Mafuta tu, tena kwa kiasi."

"Kwetu twapaka, bibi."

"Haya, mwanangu. Kila nyumba na desturi yake."

Siku ya tatu ikapita, kadi ya nesi ikiwa chini ya mto. Siku ya nne bibi alimbeba mtoto, akamtazama sana, akasema, "Huyu mtoto ana rangi." Nikacheka. Nikamwonyesha viganja vyangu, nikamwonyesha shuka, nikamwonyesha kanga niliyojifunga. Kila kitu chumbani mle kilikuwa cha njano. Hata kitasa cha mlango kilikuwa na vidole vyangu. "Ni manjano ya mama hayo, bibi. Yakikushika leo huyatoi mpaka mwezi." Na chumba chenyewe kilikuwa kizakiza, pazia zimeshushwa kwa ajili ya upepo na jicho la watu.

Siku ya tano akarudia. Safari hii alisema taratibu, ananikanda mgongo, sioni uso wake. "Mpeleke wakamwone tu, mwanangu. Nitakusindikiza. Tutachukua bajaji hapo mlangoni, hakuna atakayemwona."

Sijui nilikuwa na nini siku ile. Maziwa yalikuwa yamejaa yanauma, usingizi sina, na mama alikuwa ametoka kunipigia kuniuliza kama nimejisinga. Nikamwambia, "Bibi, mimi mama ninaye. Yuko hai."

Mikono yake ikasimama mgongoni. Kisha akamaliza kunikanda, akanifunga mkaja vizuri tu kama siku zote, akabeba beseni lake akatoka. Sikumwita. Siku mbili hakuingia tena chumbani. Uji alikuwa ananiwekea mlangoni kwenye chupa, anabisha hodi, nikifungua ameshaondoka.

Ni siku hizo mbili ambazo mtoto alilala. Yarabi, alilala! Mume wangu alirudi kutoka Mbegani akifurahi kwamba tumepata mtoto asiyesumbua. Nikampigia mama kwa video, nikamwelekezea simu mtoto, naye akatazama muda mrefu. "Mashallah," akasema, "angalia ngozi ilivyotakata. Dhahabu tupu. Umemsinga leo?" Nikasema nimemsinga. Mtoto alikuwa hanyonyi ila kidogo, ukimwamsha anakamata ziwa anaachia, anarudi usingizini, na mimi dera limelowa maziwa kifuani nasema ameshiba. Akilia, analia kwa sauti nyembamba ya juu, si ile aliyozaliwa nayo. Mume wangu ndiye aliyesema. "Mbona kilio chake kimebadilika?"

"Wewe umezaa wangapi?" nikamuuliza.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumefundishwa sote. Lakini methali haisemi wakuu wakiwa wawili, mmoja yuko mlangoni na mwingine yuko kwenye simu, ufanyeje. Mimi nilimsikiliza aliyenizaa. Nani angenilaumu? Nimejilaumu mwenyewe, inatosha.

Siku ya saba asubuhi bibi alibisha hodi, akaingia. Ilikuwa siku ya kunyolewa mtoto, na mtoto hawezi kukosa wa kumnyoa kwa sababu mamake ana mdomo mbaya. Alikuja na wembe mpya, bakuli la maji na kitambaa cheupe. Hakutaja yaliyopita. Alisema chumba kina giza, asije akamkata mtoto, akaenda akafungua pazia na madirisha yote mawili, na mimi sikuwa na uso wa kumkatalia. Akakaa kwenye mkeka penye mwanga, akamlaza mtoto mapajani, akamlowesha zile nywele nyingi, akasema bismillahi, akapitisha wembe kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma.

Mstari mmoja. Halafu wa pili. Wembe ukasimama.

Chini ya nywele, pale ambapo mkono wangu haukuwahi kupita kwa ajili ya utosi, ngozi ilikuwa ya njano. Njano iliyoiva, kama iliyopakwa. Nikaitazama bila kuielewa. Nikasema, "Huko sikumpaka." Nikarudia tena, kama kwamba nikisema mara ya pili itaondoka. "Bibi, wallahi huko sikumpaka."

Bibi alimfunua mtoto kope kwa kidole, taratibu. Jicho lilikuwa la njano pia, mahali pote penye weupe.

"Na macho, mwanangu," akasema, "umeyasinga?"

Sikumbuki nilivyovaa. Nakumbuka bibi akipiga kelele mlangoni kuita bajaji, na mume wangu akipigiwa simu kwenye karakana huku mashine zinanguruma hasikii lolote. Tulifika hospitali mtoto akiwa amenyolewa mistari miwili tu, na nywele zake nyingine zote zipo. Watu walikuwa wanamtazama. Nesi aliyemtazama alikuwa yule yule aliyeniandikia kadi. Hakusema "nilikwambia." Alimfunga kitambaa, akaita daktari, na haikupita muda tukapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Dar. Njia nzima mtoto alikuwa akijikunja kwa nyuma kama upinde, kichwa kinakwenda mgongoni, na mimi namrudisha, na anakwenda tena. Bibi alikaa mbele na dereva. Alikuwa anasoma Yasini, sauti yake inanifikia vipande vipande kwenye matuta.

Huko walimlaza uchi chini ya taa ya buluu, macho yamefungwa kitambaa. Wakambadilisha damu. Daktari, mwanamke wa umri wangu, aliniuliza rangi ilianza lini. Nikasema sijui. Akaniuliza sikuona? Kabla sijajibu aliitazama mikono yangu, nami nikaitazama. Kucha, viganja, mpaka kwenye kiwiko, kote njano. Nikaificha kwenye kanga kama mwizi.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema manjano hayakumfanya mtoto augue. Damu yangu na yake hazikupatana, hilo limetokea lenyewe, hutokea kwa wengi. "Yalificha tu," akasema. Nikamuuliza ningemleta siku ya nne ingekuwaje. Nadhani hakutaka kunijibu, lakini nilimshika mkono wa koti sikumwachia. Akasema siku ya nne pengine taa ingetosha. Sasa ile rangi imeshafika kwenye ubongo, na mahali inapopenda kuumiza ni masikio. Hawezi kujua mpaka mtoto atimize miezi mitatu, arudishwe apimwe. Afadhali angenigombeza, ningepata wa kugombana naye.

Nilimkuta bibi ukumbini kwenye benchi, na chupa yake ya chai. Nikapiga magoti pale pale mbele za watu nikamwomba radhi. Aliniinua kwa nguvu.

"Mimi ndiye wa kuomba radhi. Ningekuburura. Nilijua tangu siku ile ya nne, mwanangu, nimelea watoto tisa. Nikasema nikimlazimisha ataona namdharau mamake, na yeye ni mgeni. Nikakuheshimu." Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Lahaula, heshima gani ile."

Tulirudi Dunda mtoto akiwa ananyonya na rangi yake mwenyewe. Mama nilimwambia alipata homa kidogo, imeisha. Alishukuru Mungu, akaniuliza kama singo imebaki. Nikamwambia imebaki. Ile iliyobaki nilikuwa nimeimwaga chooni na kuimiminia maji ndoo tatu.

Miezi ile mitatu sitaisahau. Nilikuwa na kazi moja tu, kumvizia mwanangu. Nilidondosha vifuniko vya sufuria nyuma yake. Nilibamiza milango. Bibi alikuwa akinyata mpaka kwenye kitanda chake anapiga kofi, na mtoto akipepesa jicho tunakumbatiana, halafu tunaanza kubishana kama amesikia au ameona kivuli. Adhana ikiadhiniwa msikiti wa jirani, nilikuwa namtazama yeye badala ya kuitika. Bodaboda zikipita na muziki namtazama yeye. Siku nyingine aligeuka, wallahi aligeuka, nikamwambia mume wangu mtoto anasikia. Kesho yake vifuniko vinaanguka, yeye anachezea vidole vyake.

Walimpima kwa mashine, amelala, waya ndogo kichwani. Daktari yule yule. Masikio yote mawili. Alituambia polepole, akatuambia pia kwamba anaona vizuri, ana nguvu, ana akili, na kwamba kuna shule, kuna lugha ya alama, kuna na vifaa tutakavyovizungumza baadaye. Nilikuwa nasikia maneno nayaona yanapita. Mume wangu, ambaye hajawahi kunilaumu hata kwa jicho, na ningependa siku moja anilaumu tumalize, aliuliza swali moja tu.

"Siku aliyozaliwa nilimwadhinia kwenye sikio la kulia. Siku ile alisikia?"

"Huenda alisikia," daktari akasema.

Mume wangu akaishika ile huenda mpaka leo. Amewaambia watu wote Mbegani, adhana mwanangu aliisikia.

Kwa mama sikusema. Kila Ijumaa alikuwa anapiga baada ya chai, tunasalimiana, halafu anasema, "Haya, mwekee simu sikioni nimsomee." Nami nilikuwa naiweka. Niliiweka wiki nane. Mamangu anasoma Fatiha na Kul-huwallahu zote tatu, anampulizia, anamwita kwa jina lake, anamwambia bibi yako anakuja mguu ukipona, na mtoto mapajani anashangaa kioo cha simu kinavyong'aa. Namaliza naitoa. "Amefurahi?" "Amefurahi, mama." Nilikuwa mtu mzima, nina mume, nina mtoto, na nilikuwa naogopa kumwambia mamangu kama nimevunja sahani.

Ijumaa ya tisa aliposema mwekee simu sikioni, mkono ulikataa. Nikaiacha simu mkononi.

"Mama, hasikii."

"Sogeza karibu basi."

"Mama, mtoto hasikii. Masikio yote."

Nikamweleza yote, kuanzia wembe. Sikumficha kitu, hata lile neno nililomwambia bibi. Kwa mbali nilimsikia muuza samaki anapita mtaani kwetu Mombasa, anapiga ukelele wake.

"Ile singo ambayo nilikuuliza kila siku," hatimaye akasema. "Umemsinga, umemsinga."

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa wamsinga kweli?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni. Kama ulivyosema."

Alivuta pumzi. Sijapata kumsikia mamangu akilia, hata babangu alipokufa, na sikuwa na hakika kama ile ilikuwa kilio.

"Ungenidanganya, mwanangu," akasema. "Tangu utotoni wanidanganya. Shule ulinidanganya, harusi za watu ulinidanganya, na huyo bwanako ulinificha mwaka mzima. Siku tano tu zikakushinda?"

Nilifungua mdomo nikaufunga, nikaufungua tena, na mtoto mapajani mwangu alikuwa ameacha kioo cha simu, ananitazama midomo.